Maneno Yabadilike, Maana Isipotee

Wanafunzi wengi wa tiba hudhani kwamba kueleza kazi ya mtafiti mwingine kwa maneno mapya ni njia ya kuepuka tuhuma za wizi wa maandishi. Hilo ni kweli, lakini katika tiba kuna jambo zito zaidi, nalo ni usalama wa mgonjwa.

Mnamo Januari 1980, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya aya moja ya Jane Porter na Hershel Jick. Waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni, vilionekana visa vinne tu vya uraibu vyenye ushahidi wa kuridhisha, miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu. Barua haikuzungumzia wagonjwa wanaotumia dawa hizo nyumbani kwa miezi mingi.

Mwaka 2017, jarida hilohilo lilichapisha uchambuzi wa machapisho 608 yaliyoirejelea barua hiyo. Asilimia 72.2 yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80.8 hayakutaja kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Wachambuzi walihitimisha kwamba marejeo hayo yalichangia janga la uraibu Amerika Kaskazini, kwa kuwaondolea madaktari hofu ya kuandika dawa hizo kwa maumivu sugu.

Mwandishi makini husoma chanzo chenyewe hadi mwisho, hukifunika, kisha huandika alichoelewa. Baadaye hukifunua na kulinganisha: ni wagonjwa gani, walitibiwa wapi, kwa muda gani, na mtafiti alikuwa na uhakika kiasi gani? Kuandika “uraibu hutokea mara chache kwa watumiaji wa dawa hizi” ni kupotosha, hata kama kila neno ni jipya. Kuandika “Porter na Jick (1980) waliripoti visa vinne vya uraibu kati ya wagonjwa 11,882 waliotibiwa wodini kwa dawa hizo, miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu” ni uaminifu. Kupachika visawe huku muundo wa sentensi ukibaki uleule bado ni kunakili, na chanzo hakina budi kutajwa hata pale maneno yanapobadilika yote.

Mgonjwa naye ana haki ya kumwuliza mhudumu anayemweleza matokeo ya utafiti: “Waliochunguzwa walikuwa na hali kama yangu?”