Mbuzi Wetu na Mashine ya Kunyolea

Wanachama wetu wanaofuga mbuzi wa maziwa kando ya mikarafuu wametuuliza mara nyingi ni mashine gani ya kunyolea inayofaa, na kama yafaa kununua kabisa. Tumeona bora tulijibu swali hili kwa kutazama mbali kidogo, Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa. Huko hali ya hewa humwonyesha mfugaji waziwazi jambo ambalo huku pwani hufichika, kwamba nywele za mbuzi ndizo nguo yake.

Ufipa ni nchi iliyoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na Ziwa Rukwa bondeni ni kiasi cha mita 800 tu. Ateremkaye huacha baridi ya kuvaa koti akaingia katika joto kama la kwetu. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Ufipa ni baridi khasa, na upepo hauna wa kuuzuia, kwani sehemu kubwa ya nchi ni majani matupu. (Watu wengi wa pwani waijua Sumbawanga kwa hadithi za uchawi, khabari ya baridi yake hawakupewa.)

Mbuzi wa kienyeji, wa huko na wa kwetu, ana nywele fupi. Hanyolewi ili auzwe nywele, kama mbuzi wa Angora wa Lesotho na Afrika ya Kusini, ambaye hukatwa mara mbili kwa mwaka. Na hata kwao hao waliozoea kazi hii, mvua ya baridi ikiwakuta mbuzi waliotoka kunyolewa huua wengi kwa usiku mmoja. Basi mfugaji wa Ufipa akimnyoa mbuzi mwili mzima mwezi wa Julai, ili apendeze kwenye maonyesho ya Nane Nane huko Mbeya, amemvua nguo wakati anapoihitaji mno. Kumwosha mchana wa jua na kumpiga brashi kwatosha.

Pa kunyoa ni pachache: kiwele na mapaja kwa ndani, ili nywele na mavi visiingie katika maziwa, chini ya mkia kabla ya kuzaa, na pembezoni mwa kidonda. Mbuzi chotara mwenye nywele ndefu, akiingiwa na chawa, aweza kupunguzwa ili dawa ifike kwenye ngozi.

Kwa kazi hiyo, mwenye mbuzi wawili atosheke na mkasi wenye ncha butu. Mashine ya mkono, ile waliyokuwa wakitumia vinyozi zamani, ni nzuri pia: haitaki umeme, haina kelele, wala haipati moto. Mashine ya umeme ya kinyozi hatuishauri. Imetengenezwa kwa nywele za binadamu, na vumbi na mafuta ya ngozi ya mbuzi huikwamisha upesi. Mashine kubwa ya kondoo nayo, katika mkono usiozoea, yaweza kukata chuchu.

Anayenunua ya umeme na achague ya wanyama, iliyo ndogo, yenye meno ya kubadilisha. Meno namba 10 huacha nywele za kiasi cha milimita 1.5, nayo yafaa kiwele. Kwa mwili, khasa penye baridi, sharti yawe meno yanayoacha milimita 6 hadi 10. Namba 40 ni ya daktari anayetaka kupasua. Tena tazama volti. Umeme wetu ni wa volti 230, na mashine nyingi aletazo jamaa kutoka Marekani ni za volti 120, ambazo huungua siku ya kwanza. Ya betri ni bora pale ambapo banda liko mbali na nyumba. Na kabla ya kulipa, uliza kama meno ya akiba yapatikana, yasipopatikana, usinunue.

Mbuzi awe mkavu na safi. Tia tone la mafuta ya cherehani, na kila baada ya dakika chache gusa meno kwa mkono. Yakikuunguza wewe, yamuunguza na yeye. Baina ya mbuzi na mbuzi safisha meno kwa spiriti, maana choa na majipu ya matezi huhama kwa njia hii.

Kwa sababu hiyo, majirani watatu au wanne waweza kushirikiana mashine moja, lakini kila mmoja awe na meno yake. Huku kwetu wanyoe wakati wa kaskazi, mvua za masika zikiwa bado. Wanaotaka kununua kwa ushirika wapeleke majina kwa karani wa tawi, pamoja na idadi ya mbuzi wao.