Saratani ya mrija wa mkojo: Si lazima uume ukatwe wote

Mwanaume akiona damu kwenye mkojo, Bariadi au Maswa, wazo la kwanza ni kichocho. Mara nyingi ni kweli, maana ugonjwa huo umezoeleka Simiyu. Lakini damu ikiendelea hata baada ya kumeza dawa za kichocho, hapo si pa kunyamaza.

Moja ya sababu, ingawa ni adimu, ni saratani ya mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu kupitia uume. Haifiki asilimia 1 ya saratani zote. Walio hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa na wale ambao mrija wao umeziba kwa makovu ya muda mrefu.

Dalili
Mkojo kutoka kwa shida, damu, usaha, au uvimbe unaogusika kwenye uume. Tatizo ni kwamba dalili hizi zinafanana na za mrija kuziba tu, hivyo mgonjwa anaweza kuzibuliwa mara kadhaa bila saratani kugundulika. Kinachothibitisha ni kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima maabara.

Hofu ya kukatwa
Wengi hukimbia hospitali wakihofia kupoteza uume. Zamani madaktari walikata sentimita 2 zaidi ya uvimbe. Siku hizi milimita chache zinaweza kutosha, mradi maabara ithibitishe kingo hazina saratani. Uvimbe ukiwa sehemu ya mbele, huondolewa mrija wenye ugonjwa na uume hubaki. Mkojo hupitia tundu jipya, na wengine hulazimika kuchuchumaa.

Ikiwa imekomaa
Baadhi ya wagonjwa hupewa dawa za saratani kwanza ili uvimbe unywee, ndipo wapasuliwe. Wengine hupewa mionzi pamoja na dawa bila kukatwa. Ila mionzi inaweza kuziba mrija, na saratani inaweza kurudi, hivyo kliniki ni lazima. Ikiwa imeingia ndani sana ya uume, kukata huwa ndiyo njia ya kuokoa maisha.

Pa kuanzia
Ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bariadi. Ikihitajika, rufaa ni Bugando, Mwanza. Anayewahi ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na uume wake. Anayejikaza mwaka mzima huikata nafasi hiyo mwenyewe.