Mashapo Yenye Sumu katika Mito: Mwendo Wake, Athari Zake, na Maneno ya Kuyaeleza

Mtu aulizwapo kama maji ya mto ni safi, jambo la kwanza alitazamalo ni wangavu wake. Maji maangavu huhesabiwa kuwa salama, na maji yaliyotibuka huhesabiwa kuwa mabaya. Kipimo hiki ni cha kale, nacho kina manufaa yake. Walakini, katika mto uliokwisha kupokea taka za viwanda au za machimbo, hupotosha. Yamkini maji yakawa maangavu kama kioo, ilhali sumu imelala chini yake katika tope, ikingojea mafuriko, au jembe, au kwato za mifugo. Makala haya yakusudia kueleza jinsi mashapo yenye sumu yasafirivyo mtoni na jinsi yaharibuvyo maji; tena yakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kulieleza jambo hili kwa usahihi, ikiwa kila neno litawekwa mahali pake.

I. Maana ya maneno

Neno tope hutumika kwa udongo wowote uliolowa, uwe wa njiani, wa shambani au wa mtoni. Mashapo ni neno lenye maana nyembamba zaidi: ni kile kilichokuwa ndani ya kitu cha majimaji, kisha kikazama na kukaa chini, kama yaonekanavyo mashapo ya mafuta katika chupa au ya kahawa katika kikombe. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna habari ya safari: kitu kilichukuliwa, kisha kikaachwa. Wanajiolojia wamefanya vema kulichagua kwa ajili ya mchanga, udongo na vitu vinginevyo vilivyochukuliwa na maji au upepo na kuwekwa mahali.

Vitenzi vina faida kubwa zaidi. Kuzama ni kwenda chini. Kutuama ni tendo la maji yenyewe: maji yatuamapo huacha mwendo, na kilichomo hupata nafasi ya kuzama. Kutibua ni kuyakoroga maji yaliyotuama hata kilichokuwa chini kikapanda juu, na kutibuka ni hali ya maji hayo yakishakorogwa. Tendo hili la mwisho, ambalo wataalamu wa mito huliandikia vitabu vizima, Kiswahili hulitaja kwa neno moja la kila siku. Mwenye kuyashika maneno haya manne, yaani mashapo, kutuama, kuzama na kutibuka, amekwisha kushika nusu ya elimu inayoelezwa hapa.

II. Mwendo wa mashapo

Chembe za mashapo hupangwa kwa ukubwa wake. Chembe za mchanga zina upana wa kati ya milimita 2 na milimita 0.06. Chini ya hapo huja udongo laini, ambao ukisagwa baina ya vidole huwa kama unga. Na chembe zilizo chini ya milimita 0.002 ndizo za mfinyanzi, udongo uliozoeleka kwa mafundi wa vyungu.

Ukubwa huu ndio uamuao mwendo. Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes alieleza kanuni ya kuzama kwa chembe ndogo: upana wa chembe ukipungua mara 10, kasi yake ya kuzama hupungua mara 100. Kwa kanuni hiyo, katika maji yaliyotulia kabisa, chembe ya mchanga mwembamba yenye upana wa milimita 0.1 huzama mita moja kwa muda wa dakika 2 hivi. Chembe ya udongo laini yenye upana wa milimita 0.01 huhitaji saa 3 au zaidi kwa mita iyo hiyo. Ama chembe ya mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.001 huhitaji karibu wiki mbili. Na mto hautulii wiki mbili. Hivyo mchanga hubingirika na kurukaruka karibu na sakafu ya mto, ukisimama mara kwa mara, ilhali mfinyanzi huchukuliwa kati ya maji na kufika mbali sana na mahali ulipong'olewa.

Ungedhaniwa, basi, kwamba chembe ndogo kuliko zote ndizo zing'olewazo kwa wepesi kuliko zote. Sivyo. Mwaka 1935 Filip Hjulström wa Sweden alionyesha kwamba mfinyanzi uliokwisha kushikamana sakafuni huhitaji mkondo wenye nguvu zaidi kuung'oa kuliko mchanga mwembamba, kwa sababu chembe zake hugandamana. Lakini ukishang'oka, mkondo dhaifu kabisa watosha kuuchukua. Jambo hili lina maana kubwa kwa sumu. Tope la mfinyanzi laweza kukaa miaka mingi bila kuguswa na mikondo ya kawaida, hata watu wakasahau kilichomo. Kisha hufika mafuriko moja makuu yakalitibua, na kwa siku chache yakachukua kiasi kisichochukuliwa kwa miezi mingi ya maji ya kiasi. Ndiyo maana mtu apimaye mto wakati wa kiangazi tu hupata habari pungufu.

Tena safari ya mashapo haiendi moja kwa moja mpaka baharini. Mashapo hupumzika katika vitua vingi: upande wa ndani wa pindo la mto, nyuma ya kuta za mabwawa, katika vinamasi, na juu ya mabonde yafurikayo ambako watu hulima. Mwishoni, mto ukutanapo na maji ya chumvi, chembe za mfinyanzi hugandamana zikawa mabonge, zikazama. Na kwa sababu hiyo milango ya mito hukusanya mengi ya yale yaliyotupwa bara.

III. Jinsi sumu ishikamanavyo na tope

Sumu nyingi hazipendi kukaa katika maji. Huzitafuta chembe za kushikamana nazo, na chembe ndogo ndizo zenye nafasi. Mchemraba wa jiwe wenye upande wa milimita 1, ukikatwakatwa kuwa michemraba yenye upande wa milimita 0.001, uzito wake haubadiliki, bali eneo la nyuso zake huongezeka mara 1000. Zaidi ya hayo, nyuso za mfinyanzi zina chaji hasi, nazo huvuta madini kama risasi, shaba na kadmiamu. Sumu zenye asili ya mafuta hushikamana na mabaki ya majani na viumbe yaliyooza ndani ya tope. Basi zile chembe zisafirizo mbali kuliko zote ndizo pia zibebazo sumu nyingi kuliko zote kwa uzito wake.

Walakini kushikamana si kufungwa milele. Kati ya tope na maji pana kubadilishana kusikokoma: maji yakiwa na sumu nyingi, tope hupokea, maji yakisafishwa, tope huanza kurudisha. Hali za maji nazo huamua. Katika tope lisilo na oksijeni, salfa hushika baadhi ya madini kwa nguvu; tope hilo likitibuliwa na kukutana na oksijeni, madini huachiliwa. Fosforasi hufanya kinyume: hushikwa na chuma palipo na oksijeni, na huachiliwa oksijeni inapokwisha. Maji yakizidi ukali wa asidi, madini mengi hutoka. Kwa ajili hiyo tope la mto lafaa kuitwa ghala la sumu, na wale waliolifanya kaburi walikosea, kwa kuwa cha kaburini hakitolewi, bali cha ghalani hutolewa na kuingizwa.

Matokeo yake huonekana hata katika vipimo. Kwa desturi, maji ya mto huchujwa kwa kichujio chenye matundu ya milimita 0.00045, kinachopita huhesabiwa kuwa kimeyeyuka, na kinachobaki huhesabiwa kuwa kimo katika chembe. Ripoti itajayo sehemu iliyopita peke yake yaweza kusema kweli kuhusu maji yale, huku ikinyamaza kuhusu sumu iliyo nyingi zaidi.

IV. Mfano wa mto Hudson

Mto Hudson, katika jimbo la New York nchini Marekani, umechunguzwa kwa kirefu, na historia yake yaonyesha mambo yote yaliyotajwa. Tangu miaka ya 1940 mpaka mwaka 1977, viwanda viwili vya kampuni ya General Electric, katika miji ya Fort Edward na Hudson Falls, vilitumia kemikali zenye asili ya mafuta ziitwazo bifenili za klorini katika kutengeneza kapasita za umeme, na kiasi kikubwa cha kemikali hizo kikaingia mtoni. Hazikuyeyuka zikaenda zake. Zilishikamana na mashapo, na mengi yake yakatuama nyuma ya ukuta wa bwawa la kale la Fort Edward.

Mwaka 1973 ukuta huo uliondolewa. Mashapo yaliyokuwa yamelala nyuma yake yakapata njia, na mafuriko ya miaka iliyofuata yakayasukuma chini ya mto. Mwaka 1976 serikali ya jimbo ilipiga marufuku uvuvi katika sehemu ya juu ya mto. Mwaka 1984 kiasi cha kilomita 320 za mto, mpaka jiji la New York, kiliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali panapostahili kusafishwa. Viwanda vilikuwa vimekwisha kuacha kumwaga. Lakini samaki waliendelea kuwa na sumu, kwa kuwa ghala lilikuwa lingali limejaa.

Hapo pakazuka hoja ngumu. Kampuni ilishikilia kwamba tope liachwe, lifunikwe na mashapo mapya, kwani kulichimbua ni kulitibua. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lilishikilia kwamba kifuniko hicho hakiaminiki. Mwaka 2002 liliamua tope lichimbuliwe. Kazi ilianza mwaka 2009, ikasimama mwaka 2010 ili ichunguzwe, kisha ikaendelea mpaka mwaka 2015. Tope lililotolewa lilikuwa kama mita za ujazo milioni 2.1. Wenye kuonya hawakuwa wamesema uongo: katika mwaka wa kwanza, sumu katika maji ilipanda zaidi ya mara moja kupita kiasi kilichoruhusiwa, na uchimbaji ukasimamishwa kwa muda. Wenye kuchimbua nao walikuwa na haki yao, maana kila mwaka tope lilipobaki, mto ulilitibua wenyewe pasipo kuomba ruhusa. Mpaka leo onyo kuhusu ulaji wa samaki wa mto huo lingali likitolewa.

V. Zebaki, marudio, na wajibu wa lugha

Jambo hili si la Marekani peke yake. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita na kwingineko Tanzania, mawe husagwa, kisha mchanga wake huoshwa kwenye mialo, na zebaki hutiwa ili ishikamane na dhahabu. Mchanga unaobaki wachimbaji huuita marudio, kutokana na kurudia, kwa sababu hurudiwa tena ili kutafuta dhahabu iliyosalia. Neno ni zuri, na limeundwa na wenye kazi bila kamati. Walakini mvua zinyeshapo, marudio yaliyolundikwa karibu na kijito huwa mashapo, na zebaki iliyobaki ndani yake husafiri pamoja nayo. Katika tope lisilo na oksijeni, vijidudu huibadili zebaki kuwa methilizebaki, ambayo huingia katika viumbe vidogo, kisha katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa, ikizidi kila hatua. Madhara ya sumu hiyo yalijulikana duniani kwa maradhi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956 huko Minamata, Japani. Na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 juu ya zebaki wachukua jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sheria na mikataba humfikia mkazi wa kando ya mto kwa njia ya maneno, na hapa ndipo kazi ya wanalugha ilipo. Tangazo lisemalo "maji haya yamechafuliwa" humwelekeza msomaji kuyatazama maji. Naye akiyaona maangavu, hudhani tangazo limepitwa na wakati. Halikumdanganya kwa makusudi, bali limemwonyesha mahali pasipo hatari. Tangazo lisemalo "sumu imo katika tope la chini, msilitibue, msichimbe mchanga hapa, wala msile samaki wa hapa" halina istilahi hata moja ngeni, nalo laeleza hali ilivyo. Vivyo hivyo, mfasiri wa ripoti asemapo tope, au uchafu, au taka, palipostahili mashapo, huifuta ile habari ya safari ambayo ndiyo kiini cha ripoti.

Yafaa, basi, katika kusanifu istilahi za maji, mashapo yatengwe na tope. Kutuama kuhifadhiwe kwa maji, na kuzama kwa chembe. Na kutibua na kutibuka vipewe nafasi ya kitaalamu badala ya kubuniwa neno jipya. Marudio nalo lastahili kuingizwa katika kamusi za sayansi kwa maana yake ya machimboni. Maneno haya tayari yamo vinywani mwa watu watumiao mito kila siku, na kwa hao ndiko onyo lipaswapo kufika kwanza.