Kigwa, Nuru na Njia Panda ya Elektroni

Msafiri wa leo atokaye Tabora kuelekea mashariki huingia Kigwa, katika wilaya ya Uyui, kabla hajapata hata kuchoka. Lakini msafiri wa zamani, aliyekuja kwa miguu kutoka pwani, alifika hapa akiwa ameacha nyuma yake miezi ya jua, kiu na homa, na jina la Kigwa lilikuwa bishara njema masikioni mwake, kwa kuwa lilimwarifu kwamba Unyanyembe, nchi ya Tabora, imekaribia. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857, walipita hapa mwanzoni mwa Novemba, na tarehe 7 ya mwezi huo wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Huko Kazeh njia kuu ilipasuka mbili: moja ilishika mkono wa kushoto kwenda Ujiji na ziwa la Tanganyika, na ya pili ikashika mkono wa kulia kwenda Karagwe na Buganda.

Misafara iliyorejea ilipita papa hapa na meno ya ndovu mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu waliosifika kwa ustahimilivu kote bara na pwani. Mpagazi aliujua uzito wa jino lake kwa frasila, akaujua ujira wake kwa mikono ya nguo. Lakini kwamba mengi ya meno hayo, yakisha kupita Unguja na kuvuka bahari, yangekwenda kukatwa vipande katika viwanda vya Connecticut, Marekani, yawe vibao vyeupe vya piano, hilo hakuna aliyempasha. Alikuwa na mzigo, ila habari ya mzigo ilikuwa mikononi mwa wengine.

Niliyakumbuka hayo Jumamosi moja, nilipokuwa nimeketi kivulini penye kibanda cha fundi pikipiki, nikingoja gurudumu langu lifungwe. Fundi, kijana mwenye mikono myeusi hadi viwikoni, alichovya kidole katika kopo la grisi ya rangi ya lami, akaipaka kwenye beringi kwa uangalifu wa mama ampakaye mtoto mafuta.

“Mzee, hii haina mwenziwe,” aliniambia. “Ile ya njano jua likiwaka inatiririka. Hii inabaki.”

“Wajua kilichomo, mwanangu?”

“Madini fulani. Mradi inateleza.”

Nililigeuza kopo. Katika maandishi yaliyofifia niliona herufi na tarakimu MoS2, na hapo moyo ukanishtuka kidogo, kwa maana herufi hizo ninazifahamu kwa njia nyingine kabisa. Zasimama badala ya madini yaliyoundwa kwa molibdenamu na salfa, ambayo wazee waliiita kiberiti. Na madini hayo, yakichambuliwa hadi likabaki tabaka moja tu la atomu zake, ndiyo ambayo kwa miaka kadhaa sasa yamewashughulisha wanafizikia wa dunia nzima wanaotaka kujua nuru inaitendea nini elektroni.

Kinachoifanya grisi ile iteleze ndicho kinachoyafanya madini yale yawe ajabu. Ndani yake atomu zimejipanga tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa dukani: kila mkeka umesukwa imara, ila baina ya mkeka na mkeka hakuna kifungo cha haja, na ukisukuma kidogo wa juu huteleza juu ya wa chini. Katika kila tabaka safu ya molibdenamu imebanwa katikati ya safu mbili za salfa, na unene wake wote haufiki hata nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Penseli nayo huandika kwa sababu iyo hiyo. Wino wake mweusi ni kinywe, madini yale yale yapatikanayo Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi; na katika milimita 1 ya kinywe mna takriban tabaka milioni 3 za kaboni, ambazo huachana karatasini kila tuandikapo jina letu.

Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba tabaka moja pekee haliwezi kusimama bila ya kujikunja au kuharibika. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandika selotepu juu ya kinywe, wakaibandua, wakakunja na kubandua tena na tena, hata wakabakiwa na tabaka la unene wa atomu moja, ambalo huitwa grafini. Mwaka 2010 wakatunukiwa tuzo ya Nobel. Tabaka hilo, jembamba kuliko chochote ambacho mwanadamu amepata kukishika, hunasa asilimia 2.3 ya nuru inayolipitia; kiasi hicho ni kidogo kwa kukitaja, lakini ni kikubwa mno ukikumbuka kwamba kinachonasa ni safu moja tu ya atomu.

Basi nuru ikinaswa, hutukia nini? Jambo la kwanza lahusu chaji, nalo tunalishuhudia Kigwa kila siku juu ya mapaa yenye sola. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba nuru huja kwa mafungu, na kila fungu likigonga huweza kuipa elektroni nguvu za kuondoka mahali pake. Elektroni ikiondoka huacha pengo, na pengo hilo nalo hutembea kana kwamba ni chembe yenye chaji ya kinyume. Ukizitenga mbili hizo, moja huku na moja kule, umepata umeme wa kuchajia simu. Silikoni iliyomo katika sola hunasa nuru kwa shida, ndiyo maana vipande vyake hukatwa kwa unene wa karibu milimita 0.2, ilhali tabaka moja la madini yale ya grisi, jembamba kuliko kipande hicho mara zaidi ya laki mbili, huweza kunasa kati ya asilimia 5 na 10 ya nuru ya jua. Tena, mwaka 2010 ikadhihirika kwamba madini haya, ambayo yakiwa donge hayarudishi nuru ila kidogo sana, yakibaki tabaka moja hung'aa kwa nuru nyekundu. Na kwa kuwa katika utando mwembamba namna ile hakuna mata ya kutosha ya kuupunguza mvuto baina ya elektroni na pengo lake, mbili hizo hushikamana na kwenda pamoja kama maharusi, na wataalamu huuita muungano huo eksitoni.

Jambo la pili ni la siri zaidi. Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walizirusha atomu za fedha zipite baina ya ncha za sumaku, wakaziona zikigawanyika mafungu mawili dhahiri, badala ya kutawanyika ovyo kama walivyotazamia wengi. Mwaka 1925 Uhlenbeck na Goudsmit, vijana wawili wa Uholanzi, wakatoa kauli kwamba elektroni, licha ya chaji yake, ina tabia ya pia ya watoto izungukayo juu ya ncha yake, na mzunguko huo, uitwao spini, hauna ila hali mbili: ya juu au ya chini. Mfano wa pia usichukuliwe kwa ukamilifu wake, kwa kuwa hakuna aliyeiona elektroni ikizunguka. Lakini usumaku wake ni wa hakika, na hali zake mbili ni za hakika. Hivyo kila elektroni ni mpagazi mwenye mizigo miwili, na umeme tuutumiao hushughulika na mmoja tu.

Hapa ndipo nuru yenyewe inapotaka kutazamwa upya. Mfuga nyuki wa Unyamwezi, atengenezaye mzinga wake kwa gome la mti na kuufunga kwa kamba ya magome, anajua kwamba kamba husokotwa kuumeni au kushotoni, na ukizitazama mbili hizo hutazichanganya. Nuru nayo huweza kusokotwa vivyo hivyo katika mwendo wake. Tena asali itokayo katika mzinga huo huzitambua nuru hizo mbili. Nuru itikisikayo upande mmoja tu ni sawa na kamba mbili, ya kuume na ya kushoto, ziendazo bega kwa bega. Ikipita katika maji ya asali mojawapo hucheleweshwa kuliko mwenziwe, na mtikisiko wote ukageuka upande. Mfaransa Jean-Baptiste Biot aliligundua tangu 1815 jambo hilo katika vimiminika, maji ya sukari yakiwa miongoni mwavyo. Asali ya maua aghalabu huigeuza nuru kushotoni, na shira ya miwa huigeuza kuumeni, hata maabara zikapata njia moja ya kumshuku mfanyabiashara aliyechanganya asali yake.

Tabaka moja la madini ya grisi hulipita hilo kwa mbali. Elektroni ndani ya fuwele haziruhusiwi kuwa na nguvu zozote na mwendo wowote. Ukichora ramani ya nguvu zao kwa kadiri ya mwendo wao, utaona vilima na mabonde, na katika tabaka hili mabonde makuu ni ya namna mbili, yaliyo sawa kwa kina, kama mtu na sura yake ndani ya kioo. Mwaka 2012 makundi matatu ya watafiti, New York, Hong Kong na Beijing, yalionyesha kwamba nuru iliyosokotwa kuumeni huzipandisha elektroni za bonde moja, na iliyosokotwa kushotoni huzipandisha za bonde la pili; na ushahidi wao ni kwamba nuru iliyorudishwa na tabaka ilitoka ikiwa imesokotwa kwa mkono ule ule. Na kwa kuwa atomu nzito huifunga spini na mwendo kwa fundo moja, kila bonde lina spini yake, hata ukichagua mkono wa nuru umechagua bonde na spini kwa pigo moja. Fundo hilo huwa imara zaidi molibdenamu ikibadilishwa kwa wolframu, madini yachimbwayo Rwanda, upande ule ule ambako tawi la Karagwe lilielekea.

Ndiyo njia panda ya Kazeh iliyorudi katika udogo usioonekana. Mwaka 2014, katika Chuo Kikuu cha Cornell, watafiti waliimulika transista ya tabaka moja kwa nuru iliyosokotwa, wakapima umeme ukijitokeza ubavuni mwake, kwa maana elektroni za bonde lililochaguliwa zilipinda upande mmoja. Walipogeuza mkono wa nuru, umeme nao ukageuka. Matumaini ni kwamba siku moja hesabu za kompyuta zitaandikwa kwa bonde na spini, si kwa chaji peke yake. Lakini si haki kumdanganya msomaji: majaribio mengi ya namna hii hufanywa katika baridi kali mno, na eksitoni husahau bonde lake ndani ya muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

Nilimweleza fundi machache ya hayo huku akikaza nati. Hakusadiki. Nikatoa penseli, nikaisugua karatasini hata pakang'aa, nikamwomba selotepu. Alibandika, akabandua, akakunja, akabandua, weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa ukungu, na mikono yake iliyozoea spana ikawa myepesi kama ya mshonaji.

“Sasa hapa zimebaki tabaka ngapi, mzee?”

“Zahesabika kwa jua,” nikamwambia. “Kila moja hula takriban asilimia 2.3 ya nuru yake.”

Akainyanyua ile selotepu kuelekea jua la Kigwa, akafumba jicho moja, akaanza kutazama.