Kompyuta kuukuu: Lini itengenezwe, lini iachwe?

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

WAKATI maduka ya mijini yakitangaza kompyuta mpya kila kukicha, wapenzi wa mashine za zamani wanashikilia kuwa kompyuta kuukuu bado ina kazi, hususan katika maeneo kama Kalinzi, kijiji cha wakulima wa kahawa kilichoko milimani, mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

Hoja yao kuu ni matengenezo. Kompyuta za mezani za miaka ya 1990 na 2000 zilifunguliwa kwa bisibisi moja. Kumbukumbu, diski na feni vilichomolewa kimoja kimoja, na fundi akabadilisha kilichoharibika tu.

Kinyume chake, kompyuta pakato nyingi za sasa zimelehemewa kumbukumbu kwenye bodi kuu, na betri kushikizwa kwa gundi. Kumbukumbu hiyo ikiharibika, mara nyingi hubadilishwa bodi nzima.

Aidha, hitilafu nyingine huonekana kubwa kuliko zilivyo. Kompyuta inayosahau tarehe kila ikizimwa kwa kawaida huhitaji betri ndogo ya duara mithili ya sarafu, aina ya CR2032. Inayojizima yenyewe huenda imejaa vumbi kwenye feni, au ina kapasita zilizovimba, kasoro iliyozikumba bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hata hivyo, mashine hizo zina gharama yake, nayo ni umeme. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na monita ya chogo huweza kula wati 150 au zaidi. Ikiwashwa saa nane kwa siku, ni yuniti 1.2. Kompyuta pakato ya sasa inayotumia wati 30 hula yuniti 0.24 tu kwa muda huo huo. Kwa ofisi inayotegemea sola, tofauti hiyo ndiyo huamua kama kazi itafanyika au la.

Suala zito zaidi ni usalama. Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows XP Aprili 8, 2014, Windows 7 Januari 14, 2020 na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, bali udhaifu unaogunduliwa baadaye hauzibwi tena, na wezi wa mtandaoni huutumia kuingilia. Windows 11 nayo haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa chama cha ushirika, shule au duka la steshenari linalotunza hesabu za fedha katika mashine ya mtumba iliyounganishwa na intaneti.

Pamoja na hayo, ipo njia ya kati, na mfano wake uko Kigoma kwenyewe. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurejea kazini 1927. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Mwili ulibaki, kilichochakaa kikabadilishwa.

Kwa kompyuta, hatua hizo ni tatu: kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD, kuongeza kumbukumbu ifike GB 8, na kuweka mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure na huendelea kupata masahihisho ya usalama.

Mnunuzi wa mtumba anapaswa kuhakikisha kwanza kuwa prosesa ni ya biti 64 na kwamba kumbukumbu inaongezeka. Isiyokidhi sharti hilo ibaki ya kuchapa na kujifunzia, bila kuunganishwa na intaneti. Monita ya chogo isivunjwe wala kutupwa ovyo, kwani kioo chake kina madini ya risasi.

Iwe mpya au kuukuu, nakala ya kumbukumbu za malipo ya wakulima haina budi kuhifadhiwa mahali pengine, kwani fundi anaweza kubadilisha diski iliyokufa, lakini si lazima aweze kurejesha kilichokuwamo.