Kutoa ni Moyo, Kuchagua ni Akili

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba usemi huu hudhihirika kila inapokaribia Ramadhani na sikukuu za Idi, wakati vifurushi vya ndugu zetu walioko Uingereza vinapowasili bandarini, kiwanja cha ndege na posta. Ndani yake mna biskuti, chokoleti, majani ya chai na vyakula vinginevyo vya huko. Mapenzi ya wenye kuvituma hayana shaka. Lenye shaka ni uchaguzi wao, kwani chakula hakifanani na nguo. Nguo isiyofaa huwekwa kabatini. Chakula kisichofaa huoza, au huwa haramu kwa aliyeletewa, au humdhuru.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni joto letu. Mafuta ya kakao yaliyomo katika chokoleti huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na kontena lililopigwa jua hupita kiwango hicho kwa urahisi. Chokoleti ikiyeyuka na kuganda tena hufanya weupe juu. Si sumu, lakini ladha yake imekwisha haribika. Heri biskuti za siagi za Uskoti, ambazo asili yake ni unga, sukari na siagi tu, na ambazo hukaa muda mrefu zikiwa ndani ya bati lililofungwa vyema. Heri pia unga wa kastadi, uliobuniwa na Alfred Bird mjini Birmingham mwaka 1837 kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Ni mkavu, ni mwepisi, na kastadi si mgeni katika futari zetu. Kadhalika shira ya sukari ya makopo na jamu ya machungwa machungu huvumilia safari.

Jambo la pili ni dini ya mpokeaji. Keki ya kuchemsha wanayokula Waingereza wakati wa Krismasi hutiwa karafuu, zao lililoipa Zanzibar jina duniani. Lakini aghlabu hutiwa pia shahamu ya ng'ombe na brandi. Zawadi hiyo yaweza kumfurahisha Mkristo, ila haifai kupelekwa katika nyumba ya Kiislamu. Pipi nyingi za kutafuna hugandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Marmite, iliyoanza kutengenezwa mjini Burton upon Trent mwaka 1902, hutokana na hamira iliyobaki katika utengenezaji wa bia, na wako wasioridhika nayo. Ikumbukwe pia kwamba alama ya chakula kisicho na nyama haimaanishi kuwa hakina pombe. Hapana budi kusoma orodha yote ya viungo iliyoandikwa kwenye pakiti.

Tatu, afya. Wengi wa wazee wetu wana maradhi ya kisukari na shinikizo la damu. Kumpelekea mama mwenye kisukari bati tatu za biskuti ni kumtia katika mtihani, kwani ataona haya kukataa kilichotoka kwa mwanawe. Na maziwa ya unga ya watoto wachanga si zawadi ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni mwaka 1981 ya kudhibiti namna yanavyotangazwa na kuuzwa, ili yasichukue nafasi ya maziwa ya mama. Hayo yaachiwe ushauri wa daktari.

Nne, tarehe. Vyakula vya Uingereza huandikwa tarehe za namna mbili. Moja ni ya usalama, nayo ikipita chakula kisiliwe kabisa. Nyingine ni ya ubora, nayo ikipita ladha hupungua ingawa chakula huenda bado chaliwa. Mzigo wa meli huchukua wiki nyingi. Basi anayenunua kwa bei ya chini kitu kilichobakiza mwezi mmoja hakutuma zawadi, bali ametuma taka.

Waingereza wenyewe waliwahi kuwa wapokeaji. Tangu Januari 1940 hadi Julai 1954 chakula chao kiliuzwa kwa mgao, na vifurushi viliwafikia kutoka Australia, Kanada na kwingineko. Vilikuwa na nyama ya kopo, mafuta, jamu na matunda makavu, yaani vile walivyovikosa na vilivyoweza kuvuka bahari bila kuharibika. Waliotuma waliangalia haja ya mlaji, si fahari ya mtoaji. Nasi tufuate kipimo hicho. Majani mengi ya chai yanywewayo Uingereza hutoka Kenya. Kuyarudisha Afrika Mashariki kwa nauli kubwa ni kuyasafirisha bure, isipokuwa mpokeaji ameyataka mwenyewe.

Sasa twageukia wakubwa wetu. Mtumaji hutakiwa kuandika tamko la vilivyomo katika kifurushi, naye aandike kweli. Forodha na Wakala wa Chakula na Dawa wana wajibu wa kulinda afya ya wananchi, na hakuna mwenye busara atakayewalaumu kwa kuzuia chakula kilichopitwa na wakati. Lakini mwananchi naye ana haki ya kujua mapema. Twaomba orodha ya vyakula vinavyoruhusiwa, vinavyohitaji kibali na vinavyotozwa ushuru ibandikwe kwa Kiswahili fasaha posta, bandarini na kiwanja cha ndege, Unguja na Pemba pia. Na kifurushi kinapozuiwa, mwenyewe aelezwe sababu kwa maandishi na kwa heshima. Bibi aliyetoka Micheweni kwa gari la abiria kufuata zawadi ya mjukuu wake hastahili kurudishwa kwa neno moja tu.

Kwa ndugu zetu walioko ng'ambo, nasaha yetu ni fupi. Kabla ya kuingia dukani, pigeni simu nyumbani mkaulize: mwahitaji nini, na nani atakila? Huenda jibu likawa kopo moja la kastadi. Kopo hilo lililoombwa litaliwa na kushukuriwa kuliko sanduku zima lililojazwa kwa kukisia.