Moshi wa Pikapu Asubuhi: Utazame Kabla ya Kumwita Fundi

Wakulima wengi wa Kinangop na Ol Kalou wana pikapu siku hizi, na pikapu hiyo sharti iwake alfajiri. Lori la maziwa halimngoji mtu, na viazi vilivyopakiwa jana jioni vinatakiwa sokoni mapema. Basi asubuhi ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, mwenye gari huzungusha ufunguo, injini ikakohoa, na moshi ukajaa kiwanja hata kuku wakakimbia. Hapo mkulima hushikwa na hofu. Je, ni baridi tu, au injini imekufa?

Moshi huo una habari ndani yake. Mtu akiutazama vizuri kwa dakika chache za kwanza, akajua rangi yake, harufu yake na muda unaokaa, ataweza kusema na fundi kama mtu anayejua mali yake.

Mkulima mmoja wa Njabini ana pikapu ya dizeli ya zamani. Mwaka jana, mwezi wa Juni, ilianza kutoa moshi mweupe kila asubuhi. Aliipeleka mjini kwa fundi mmoja, ikafika huko ikiwa imekwisha pata moto na haina moshi wo wote. Fundi alisikiliza maneno tu, kisha akasema, "Mzee, injini imekwisha. Sharti tuifungue yote." Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na ng'ombe wawili wa maziwa. Mzee alirudi nyumbani akiwaza ni ng'ombe gani atakaouza.

Jirani yake, aliyekuwa dereva wa trekta kwa miaka mingi, alimwambia, "Usiuze kitu kwanza. Kesho usiiwashe mpaka nifike."

Alifika saa kumi na moja na nusu. Kwanza waliisukuma pikapu nje ya banda. Hili ni jambo la maana sana, kwa kuwa moshi wa gari una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua mtu ndani ya banda lililofungwa. Kisha, injini ikiwa bado baridi kabisa, wakafungua radieta. Maji yalikuwa yamejaa. "Uliongeza lini?" jirani akauliza. "Tangu Pasaka sijaongeza hata kikombe," mzee akajibu. Wakachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi kama kawaida, si nyeupe kama chai ya maziwa.

Ndipo wakaiwasha. Moshi ulitoka mweupe mzito, wenye harufu ya dizeli mbichi, ukiwasha macho. Injini ilitikisika kama ng'ombe anayechechemea. Lakini baada ya dakika chache moshi ulipungua, na walipopanda kilima kwenda barabarani haukuwapo tena, na gari likavuta vizuri.

"Hii ni dizeli iliyotoka bila kuungua," jirani akasema. "Injini yako ni nzima."

Sababu yake ni hii. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Asubuhi ya baridi chuma hunyonya joto hilo. Kwa hiyo pikapu nyingi za dizeli zimewekewa plagi za kupasha moto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Moja au mbili zikifa, silinda zake hazishiki moto, na mafuta hutoka katika bomba kama moshi mweupe. Injini ikipata joto, silinda zote hushika na moshi huisha.

Kuzipima si kazi kubwa. Zima ufunguo, toa waya unaoziunganisha plagi, kisha chukua balbu ya gari ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja uguse kichwa cha chanya cha betri, wa pili uguse kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, uzi wa plagi haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Mzee alikuta mbili zimekufa katika nne. Bei ya mpya haikufikia gunia moja la viazi.

Tena wako watu ambao plagi zao ni nzima, lakini hawana subira. Taa ndogo yenye alama ya springi ikiwaka, wao huzungusha ufunguo pale pale. Ngoja taa hiyo izimike. Lakini kama plagi ni nzima, umengoja vizuri, na moshi mweupe bado unaendelea hata injini ikiwa moto, hapo gari lahitaji fundi wa kutazama nozeli, pampu, na nguvu ya kubana hewa.

Usichanganye moshi huo na mvuke. Lita moja ya petroli au dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na asubuhi ya baridi maji hayo huonekana kama pumzi ya ng'ombe. Mvuke huo ni mwepesi, hauwashi macho, na huisha upesi. Hauna ubaya.

Mweupe wa kuogopwa ni ule wa maji ya radieta yanayoingia ndani ya silinda kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Watu husema una harufu tamu. Ni kweli ikiwa umetia dawa ya radieta. Lakini wengi wetu hutia maji ya kisima tu, na maji ya kisima hayana harufu yo yote. Kwa hiyo usitegemee pua. Tazama maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, na usifungue kifuniko cha radieta kamwe ikiwa moto. Maji yakipungua kila siku bila kuvuja chini, au mapovu yakipanda mfululizo katika radieta mara tu injini inapowaka, usiendeshe gari hilo hata kufika sokoni. Maji hayabanwi kama hewa. Yakijikusanya ndani ya silinda usiku, asubuhi ukizungusha ufunguo yaweza kupinda chuma kinachoshika pistoni, na hapo ndipo bei ya ng'ombe wawili itakuwa ya kweli.

Moshi wa buluu ni oili. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha tu kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu zilizochakaa, na oili imedondoka usiku. Gari laweza kufanya kazi hivyo muda mrefu, mradi upime oili mara kwa mara. Lakini ukiendelea kutoka wakati gari limebeba mzigo, na oili inapungua upesi, huenda ringi za pistoni zimekwisha. Kabla ya kukubali maneno hayo, hakikisha hakuna mtu aliyejaza oili kupita alama.

Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Anzia kwenye kichungi cha hewa, kwa sababu vumbi la barabara zetu hukiziba upesi. Mashamba mengi ya Kinangop, yaliyogawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni ulioanza 1962, yapo zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya tano. Dizeli isiyo na tabo, ikiwa pampu yake ilipimwa kwa hewa ya pwani, itatoa moshi mweusi huku hata kama haina ugonjwa. Pampu yake yataka kupunguzwa. Fundi atakayekuambia aiongeze ili gari lipate nguvu, mkatalie.

Mkulima yule wa Njabini sasa ana ukurasa katika daftari lake la maziwa, ambapo huandika siku anayoongeza maji na siku anayoongeza oili.